Umri wa Funza wa Vitumba

Mwezi Februari, pamba ya Dutwa, Nkololo na Ngulyati, huko Bariadi, inapoanza kuchanua, nondo jike mwenye rangi ya majani makavu huingia shambani giza likishatanda. Hutua juu ya jani changa la kileleni, akabandika yai moja, akaondoka. Akatua mche wa pili, akabandika jingine. Katika maisha yake ya majuma mawili hivi anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kila yai lina upana wa nusu milimita, jeupe, lenye mistari midogo kutoka juu hadi chini. Likikaribia kuanguliwa hugeuka rangi ya hudhurungi. Kinachotoka humo ni kidudu chenye kichwa cheusi, chembamba kuliko uzi wa cherehani, na mlo wake wa kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe.

Mpe majuma mawili. Sasa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, mnene, mwenye michirizi ubavuni. Mmoja kijani, mwingine kahawia, mwingine pinki iliyopauka. Ametoboa kitumba, amezamisha kichwa na kifua ndani, na nusu ya nyuma ya mwili imebaki nje. Chini ya tundu kinyesi kibichi kimelundikana. Akishakiharibu kitumba hicho anahamia cha pili, kisha cha tatu, na akikutana na funza mwenzake aliye mdogo njiani, humla. Vitumba vichanga alivyovigusa hufunua vijani vyake vya ukingo, hugeuka manjano, hudondoka. Mkulima anayepita asubuhi kati ya mistari anakanyaga fedha yake.

Wataalamu humwita Helicoverpa armigera. Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012, hasa kutoka Shinyanga, na ambao huongoza nchini kwa kilimo cha pamba, unamjua kwa hasara. Karo, bati, ng'ombe wa mahari, matibabu ya mzazi, vyote hivyo Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega vinasubiri Mei, pale msimu wa ununuzi unapofunguliwa na mizani ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kuanza kazi. Kati ya Februari na Mei yupo funza. Wala pamba si chakula chake pekee: hula mahindi, mtama, nyanya, alizeti, choroko, na dengu zinazopandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea ukingoni. Pamba ikikomaa, yeye ana pa kuhamia.

Lalamiko ambalo kila anayetembea vijiji vya pamba hulisikia ni kwamba dawa haiui. Mkulima amechukua ekapaki, chupa iliyopimwa kutosha ekari moja, amechanganya na maji, amebeba bomba mgongoni, amepuliza shamba zima. Siku ya tatu anarudi, anakuta funza wanene wanakula kama jana. Jirani yake, aliyepuliza dawa ileile juma lililotangulia, vitumba vyake ni vizima. Wa kwanza anasema ameuziwa maji. Mara nyingine kweli dawa ni bandia au imepitwa na muda, na hilo ni kosa la jinai linalostahili kufikishwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini hata dawa ikiwa halisi, matokeo hayo mawili tofauti yanaweza kutokea, na sababu yake imo ndani ya mwili wa funza. Yule wa siku mbili na yule wa siku kumi na mbili, mbele ya sumu, ni karibu wadudu wawili tofauti. Naandika makala haya kwa sababu naamini mkulima wa Bariadi anastahili kuelezwa jambo hili kwa ukamilifu wake, pamoja na sayansi yake ya ndani, badala ya kupewa amri ya "wahi kupuliza" isiyo na maelezo.

Funza anakua kwa kujivua gamba. Ngozi yake ya nje ni ngumu, haitanuki sana, kwa hiyo mwili ukijaa lazima avue ile ya zamani na kubaki na mpya aliyokwisha kuiandaa chini yake. Funza wa vitumba kwa kawaida hupitia hatua sita za namna hiyo. Baada ya hatua ya sita hujidondosha, hujichimbia sentimita kadhaa ardhini, na huko anakuwa pupa, kisha nondo. Swali lililowasumbua watu kwa muda mrefu ni nani anayemwambia lini avue, na akishavua awe nini: funza mkubwa zaidi, au pupa?

Jibu la kwanza lilitoka Poland. Stefan Kopeć, akifanya kazi na viwavi wa nondo mharibifu wa misitu ya Ulaya, alichukua uzi akamfunga kiwavi katikati ya mwili, akakaza mpaka damu ya mbele isipite kwenda nyuma. Akimfunga mapema katika hatua ya mwisho, nusu ya mbele iligeuka pupa na nusu ya nyuma ikabaki kiwavi, katika mnyama mmoja. Akichelewa siku chache tu, nusu zote mbili ziligeuka. Kwa majaribio hayo, aliyoyachapisha kuanzia mwaka 1917, Kopeć alionyesha kwamba kichwani hutoka kitu kinachosafiri kwa damu, na kwamba kina siku yake: kabla ya siku hiyo mwili hauna habari, baada ya siku hiyo habari imekwisha kufika na uzi hauzuii kitu. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu ya homoni za wadudu.

Homoni yenyewe ya kujivua gamba ilipatikana mwaka 1954. Adolf Butenandt na Peter Karlson, Ujerumani, walisaga na kuchuja nusu tani ya pupa wa nondo wa hariri, kilo 500, wakaambulia miligramu 25 za fuwele safi. Waliiita ekdisoni. Miaka miwili baadaye Carroll Williams wa Harvard alitoa kutoka tumboni mwa nondo dume mafuta yenye homoni ya pili, homoni ya utoto, ambayo Vincent Wigglesworth wa Uingereza alikuwa ameshaonyesha miaka ya 1930 kwamba ipo, kwa kukata vichwa vya kunguni wanyonya damu wa Amerika Kusini na kuwaunganisha wenye umri tofauti ili damu zao zichanganyike.

Hizi homoni mbili ndizo zinazoendesha maisha yote ya funza. Ekdisoni ikipanda, funza lazima avue. Kiasi cha homoni ya utoto kilichopo katika damu wakati huo ndicho kinachoamua atakuwa nini akishavua. Ikiwa nyingi, anabaki funza. Ikipungua katika hatua ya sita, anageuka pupa. Msukuma aliyekulia kati ya makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu ataelewa upesi: ngoma inaweza kuwa ileile, lakini waliosimama uwanjani ndio wanaoamua ni mchezo gani utachezwa.

Mwaka 1960 Karlson na Ulrich Clever walikwenda hatua moja mbele, na kwangu hiyo ndiyo hatua nzuri kuliko zote katika simulizi hii. Walimdunga ekdisoni buu wa usubi, kisha wakatazama kromosomu zake kubwa za tezi za mate chini ya hadubini. Kabla saa moja haijapita, sehemu mahsusi za kromosomu zilivimba. Vivimbe vile vilikuwa jeni zinazoamshwa, zikifunguka ili maagizo yake yasomwe na seli. Kwa mara ya kwanza binadamu aliona kwa jicho homoni ikiamsha jeni. Funza, pupa na nondo wana jeni zilezile, hakuna hata moja iliyoongezwa. Tofauti ni zipi zimeamka na zipi zimelala. Leo tunajua baadhi kwa majina. Homoni ya utoto huamsha jeni iitwayo Kr-h1, ambayo kazi yake ni kuzuia ukubwa usije kabla ya wakati. Homoni hiyo ikitoweka, Kr-h1 hunyamaza, jeni ya Broad huchukua nafasi na kumgeuza funza kuwa pupa, kisha E93 humalizia kazi ya kumtoa nondo.

Mmoja wa waliosoma mambo haya kwa Wigglesworth mwenyewe, Cambridge, alikuwa Mwafrika Mashariki. Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1931 na kupitia Maseno na Makerere, alifanya shahada yake ya uzamivu juu ya nzige wa jangwani, akichunguza jinsi homoni zinavyotawala kukomaa kwa dume. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, ambacho kipo hadi leo Kasarani. Wazo lake lilikuwa kwamba wadudu wanaotula sisi wachunguzwe hapa kwetu, na watu wetu, kwa kiwango cha juu kabisa cha sayansi. Nadhani tunamkumbuka kidogo mno.

Ilikuwa katika kituo hicho ambapo mkemia Mjapani Koji Nakanishi, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wake wa utafiti, na Isao Kubo walivutiwa na mimea ya Afrika Mashariki ambayo wadudu huikwepa. Mmoja ni Ajuga remota, mmea mfupi, mchungu, unaoota nyanda za juu za Kenya na ambao watu wameuchemsha na kuunywa kwa ajili ya homa vizazi na vizazi. Miaka ya mwanzo ya 1980, Kubo na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha viwavi dondoo la mmea huo. Walijaribu viwavi wa hariri, na walijaribu funza wa pinki, ambaye ni adui mwingine wa pamba. Funza wale walianza kujivua gamba wakashindwa kumaliza. Gamba la kichwa la zamani lilibaki limeng'ang'ania, jipya likaota chini yake, kisha jingine tena. Baadhi yao walikuwa na magamba matatu ya kichwa, moja juu ya jingine, yakiwa yameziba mdomo. Walikufa kwa njaa wakiwa juu ya chakula.

Sababu ni kwamba mmea ule hutengeneza kemikali za jamii ya ekdisoni. Unampa mdudu homoni yake mwenyewe, kwa wingi na kwa wakati usiofaa. Mwili wa funza unapokea agizo la kuvua, unatii, na kabla haujamaliza unapokea tena. Majani hayo ni ya kawaida machoni mwetu. Hatuna ekdisoni sisi binadamu, kwa hiyo agizo lile halitusemeshi.

Kisa kingine cha aina hiyo kinamhusu mdudu ambaye kila mvunaji wa pamba Simiyu anamjua: kangambili, yule mwekundu mwenye alama nyeusi anayenyonya mbegu na kuchafua nyuzi. Mwaka 1965 Karel Sláma alitoka Prague kwenda Harvard akiwa amebeba wadudu wa familia moja na kangambili, wekundu vilevile. Kule Prague walikuwa wakikua bila tatizo. Marekani waligoma kukomaa. Badala ya kuota mbawa walijivua gamba na kuwa watoto wakubwa zaidi, kisha wakafa. Watafiti walibadilisha chakula, wakabadilisha maji, hali ikawa ileile. Mwisho waligundua tatizo ni karatasi iliyotandikwa ndani ya vyombo vyao. Magazeti ya Marekani yalileta ugonjwa uleule, gazeti la London halikuleta. Karatasi ya Marekani ilitokana na mti wa jamii ya msonobari ambao kwa asili hutengeneza kitu kinachofanana na homoni ya utoto, na kitu hicho huwaathiri wadudu wa familia ya kangambili peke yao. Mti ule haukuwahi kumwona kangambili wa Bariadi, lakini silaha yake inamfaa.

Williams aliona mbali. Mwaka 1967 aliandika kwamba homoni hizi zitakuwa msingi wa kizazi cha tatu cha viuatilifu: cha kwanza kilikuwa sumu za zamani kama aseniki, cha pili DDT na jamaa zake, na cha tatu kingekuwa kemikali zinazomvuruga mdudu katika ukuaji wake na kumwacha binadamu, ng'ombe na nyuki. Kwa kiasi utabiri wake umetimia. Zipo dawa zinazoiga ekdisoni na kuua viwavi wa nondo bila kudhuru wadudu wengine wengi, na zipo zinazoiga homoni ya utoto ambazo hutiwa majini kuzuia viluwiluwi vya mbu visiwe mbu. Hata hivyo sehemu kubwa ya dawa zinazopulizwa kwenye pamba yetu ni za kizazi cha pili, hasa pairethroidi, yaani nakala za kiwandani za sumu ya pareto, ua linalolimwa Iringa, Njombe na Kenya. Hizo hupiga mishipa ya fahamu. Mdudu hutetemeka, hupooza, hufa mbele ya macho.

Na mkulima anapenda hivyo. Mwarobaini, ambao umesimama kwenye nyua nyingi za Simiyu ukitoa kivuli, una azadiraktini, iliyotengwa Uingereza mwaka 1968 na ambayo ina muundo mgumu kiasi kwamba maabara ya Steven Ley, Cambridge, ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 2007 tu, baada ya kuihangaikia miaka 22. Heinrich Schmutterer aliishuhudia nguvu ya mti huo Sudan mwaka 1959, pale nzige walipomaliza kila jani wakauacha mwarobaini. Azadiraktini huzuia ubongo wa funza kutoa agizo linaloleta ekdisoni. Funza aliyekula mbegu za mwarobaini hafi siku ile. Huacha kula, huzubaa, na siku ya kujivua ikifika hushindwa na gamba lake. Mkulima anayerudi siku ya pili anamkuta bado yupo juu ya jani, anasema dawa hii ni maji, wakati funza yule ameshakwisha. Udhaifu wa kweli wa mwarobaini upo kwingine: jua huiharibu azadiraktini katika siku chache, na haimwezi funza mkubwa aliyekwisha kuzama ndani ya kitumba. Wakulima wa pamba hai wa Meatu, walioanza na mradi wa bioRe mwaka 1994, wamejifunza kuishi na udhaifu huo kwa kupanda alizeti katikati ya pamba, kuwalinda siafu na wadudu marafiki, na kukagua shamba mara kwa mara.

Sasa turudi kwa wale majirani wawili na ekapaki zao.

Shika jani la pamba, liinue dhidi ya jua. Utaona vitone vyeusi vilivyotapakaa kote, na ukikata kitumba kichanga utavikuta pia kwenye nyama yake. Ndani ya vitone hivyo mna gosipoli, sumu ambayo pamba hujilindia. Ng'ombe anayelishwa mashudu inamgusa, kuku inamgusa, funza naye inamgusa. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Shanghai walionyesha kwamba funza wa vitumba akila gosipoli, jeni mahsusi ya utumbo wake huamka na kutengeneza kimeng'enya cha kundi la P450 kinachomsaidia kuistahimili. Walipoizima jeni hiyo kwa ufundi wa maabara, funza waliokula gosipoli walidumaa. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilitoa habari mbaya zaidi kwa mkulima: funza aliyekwisha kula gosipoli alikuwa mstahimilivu zaidi wa deltametrini, moja ya pairethroidi zinazotumika sana. Vimeng'enya vilivyoamshwa na chakula vilikuwa vinavunjavunja pia sumu ya dukani.

Fikiri maana yake kwa shamba la Nkololo. Funza anayetoka kwenye yai hajala kitu ila ganda. Ana uzito mdogo mno, ngozi laini, yupo wazi juu ya jani, na ghala lake la vimeng'enya ni dogo. Kila hatua anayovuka inamwongezea mwili, na jani baada ya jani la pamba linaamsha jeni zake. Afikapo hatua ya nne au ya tano ana utumbo uliofunzwa na gosipoli, uzito mara mamia ya ule aliozaliwa nao, na nyumba ya nyuzi za pamba inayomkinga na dawa. Ekapaki ileile inamkuta kiumbe mwingine.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua ulitoka Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Joanne Daly na wenzake walichukua funza wa vitumba waliojulikana kuwa sugu dhidi ya pairethroidi na wengine wasio sugu, wakawapuliza wakiwa na umri tofauti. Funza wenye siku chache tu tangu kuanguliwa walikufa, sugu na wasio sugu. Jeni ya usugu walikuwa nayo tangu kwenye yai, ila mwili mdogo haukuweza bado kuitumia vya kutosha. Waliopulizwa wakiwa wakubwa zaidi, wasio sugu wengi walikufa, sugu wakabaki. Na hao waliobaki ndio wazazi wa msimu unaofuata.

Hapo hatari inavuka uzio wa shamba moja. Mwaka 2012 maabara ya Jena, Ujerumani, ilitangaza jeni moja ya usugu, CYP337B3, ambayo imetokana na jeni mbili jirani kuungana kimakosa na kuwa moja mpya. Kimeng'enya chake kinaweza kuvunja pairethroidi ambayo jeni mama hazikuiweza. Kuungana huko kumetokea zaidi ya mara moja duniani. Nondo huyu huruka usiku, huchukuliwa na upepo, husafiri mbali. Mkulima anayegawa ekapaki moja kwenye ekari mbili ili kubana matumizi, au anayepuliza funza wakiwa wamenenepa, anaua wanyonge na kuwaachia wenye jeni hizo uwanja mtupu, wa kwake na wa jirani zake hadi Malampaka na Lamadi.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Mfumo wa fahamu unaopigwa na sumu za kizazi cha pili tunao hata sisi. Funza mkubwa anapokosa kufa, mkulima hurudia, huongeza dozi, huchanganya dawa mbili kwenye bomba moja. Anafanya hivyo akiwa peku, shati limelowa mgongoni pale bomba linapovuja, na upepo wa alasiri ukimrudishia mvuke usoni. Mtoto analeta maji ya kuchanganyia. Chupa tupu inaoshwa na kubaki nyumbani. Kila mpulizo usio na faida kwa pamba ni sumu iliyoingia kwenye familia bure, na kwa hilo nalaumu zaidi utaratibu kuliko mkulima. Mtu aliyepewa dawa bila kuonyeshwa umri wa funza amepewa nusu ya dawa.

Umri huo hujulikana kwa kukagua shamba, kazi inayofanyika asubuhi mapema au jioni, kwa sababu mchana wa jua kali funza hujificha. Unapita shambani kwa mshazari, unasimama kwenye miche mbalimbali, unafunua majani ya kileleni na vitumba vichanga, unahesabu mayai na funza wadogo. Mkulima mwenye jicho la kutambua umri wa funza anaweza kufanya hivyo ekari mbili kabla ya chai, na kijana wake wa darasa la saba anaweza zaidi. Afisa ugani akifika, jambo la kwanza la kumwuliza liwe funza wa hapa wana siku ngapi. Bodi ya Pamba na AMCOS nazo zipange ugawaji wa ekapaki ili dawa iwe imekwisha kufika kijijini kabla ya maua. Dawa inayofika nondo wakiwa wameshataga kwa majuma matatu imechelewa hata ikiwa bora kuliko zote.

Wataalamu wa Ukiriguru, kule Misungwi, wamekuwa na funza huyu kwa muda mrefu. Tayari mwaka 1965 mtafiti wa kituo hicho, W. Reed, alichapisha uchunguzi wa maisha yake katika Tanganyika ya Magharibi, kuanzia mimea anayoipenda hadi wadudu wanaomla. Elimu hiyo, pamoja na ya homoni na jeni iliyokuja baadaye, ingefaa iwekwe pale wakulima wanapokusanyika, uwanja wa Nane Nane wa Nyakabindi. Agosti pamba imevunwa na shamba ni tupu, lakini funza wa vitumba hufugika maabara kwa chakula cha dengu au maharage. Meza moja, lenzi chache, visahani sita vyenye funza wa hatua zote sita vikiwa vimepangwa kwa umri, na cha saba chenye yai lililogeuka hudhurungi. Kisha sehemu ya pili ya meza: funza wa siku mbili na wa siku kumi na mbili waliopewa kiasi kilekile cha dawa asubuhi, ili ifikapo saa nane mchana mkulima wa Itilima ajionee mwenyewe nani anatembea.